Rangi Haiponyi Uozo: Maoni Juu ya Kukarabati Vyombo Vilivyoachwa

Mtu atembeaye kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe mpaka Kirumba na kuendelea kusini kuelekea bandari ya Mwanza Kusini, hakosi kukuta vyombo vilivyoachwa. Hapa pana mashua ya mbao iliyolazwa chini ya mwembe, majani yameota kati ya mbao zake. Pale pana tela la lori lisilo na magurudumu, kuku wametaga ndani yake. Ukiuliza habari za chombo kama hicho, mwenyewe atakuambia kuwa siku moja atakitengeneza. Siku hiyo ikifika, jambo la kwanza analofanya aghalabu ni kununua kopo la rangi.

Nia ya makala haya ni kupinga kopo hilo la rangi. Sisemi kwamba rangi haina kazi. Ina kazi kubwa, nayo nitaieleza. Nasema kwamba kukarabati chombo cha zamani ni kazi ya uchunguzi kabla ya kuwa kazi ya mikono, na kwamba mtu asiyejua kwa nini chombo kiliharibika hawezi kukitengeneza. Anaweza kukipamba tu. Naamini pia kwamba mahali pazuri pa kujifunza jambo hili ni shule zetu za sekondari, ambazo mpaka sasa zinapita kando ya vyombo hivyo kila siku bila kuvitazama.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Siandiki haya kama mtu asiyewahi kukosea. Mjomba wangu alipofariki aliacha mashua ya mbao ambayo ilikuwa imekaa nchi kavu kwa misimu kadhaa ya mvua. Mimi na ndugu zangu tuliisomba kwa mkokoteni hadi uani kwetu. Kwa Jumamosi mbili tuliikwangua, tukaipaka rangi ya buluu na mstari mweupe ubavuni. Ilipendeza sana. Tulipoitia majini, haikupita saa moja kabla maji hayajatufika vifundoni.

Fundi mmoja mzee aliyekuwa akichonga kasia pale ufukweni alituita. "Wanangu," alisema, "mmemvisha maiti kanzu ya harusi." Akatuambia tuivute mashua ichanike juani, akaanza kuigonga kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio. Penye mbao nzima sauti ililia. Penye mbao mbovu sauti ilizama. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kidole gumba mahali palipong'aa rangi yetu. Ikaingia yote mpaka mpini. Kwa jumla tulikuta mbao nne na mataruma mawili yameoza chini ya rangi mpya.

Neno lake la mwisho ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema: "Mashua hii haikuuawa na maji ya ziwa. Imeuawa na maji ya mvua."

Maji yaliyotuama

Wakati ule nilidhani ni fumbo la kizee. Baadaye, nilipoketi na vitabu, niliona kuwa mzee alikuwa amesema jambo ambalo sayansi inalithibitisha.

Mbao haziozi kwa sababu ya umri. Huoza kwa sababu zinaliwa na kuvu, na kuvu ni viumbe hai vyenye mahitaji yao. Huhitaji chakula, ambacho ni mbao zenyewe, huhitaji joto la wastani, ambalo Mwanza linapatikana mwaka mzima, huhitaji oksijeni, na huhitaji unyevu. Ukiondoa hitaji moja tu, kuvu hawawezi kufanya kazi. Mbao iliyozama kabisa majini hukosa oksijeni ya kutosha, kwa hiyo huoza polepole mno. Mbao iliyokauka hukosa unyevu, nayo haiozi. Iliyo hatarini ni ile isiyo huku wala kule: mbao ya chini kabisa ndani ya mashua iliyoachwa, katika ile sehemu ambayo mabaharia huiita ngama, ambako maji ya mvua hutuama pamoja na majani makavu, na upepo haupiti.

Kwa sababu hiyo, chombo kinachotumika kila siku mara nyingi hudumu kuliko chombo kilichopumzishwa. Chenye kutumika huogeshwa, hukombwa maji, huanikwa na hukaguliwa. Kilichoachwa hunyweshwa maji kila mvua inaponyesha, wala hakuna anayekikamua. Tena kikilazwa juu ya ardhi tupu, mchwa nao hupata njia.

Jambo hili laweza kupimwa, na hapa ndipo mwanafunzi anapopata nafasi. Kata kipande kidogo cha mbao inayoshukiwa, ukipime uzito mara moja. Kianike penye joto, au kiweke katika tanuri lenye joto la nyuzi 100 na kidogo zaidi, ukipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme kwanza kilikuwa gramu 200 na mwishoni gramu 160. Maji yaliyotoka ni gramu 40. Gawanya 40 kwa 160, utapata asilimia 25. Kwa kawaida mbao yenye unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu ni salama mbele ya kuvu; hii ya asilimia 25 ina unyevu mwingi mno kuachwa hivyo. Mtu akiipaka rangi ikiwa katika hali hiyo huwa amefunga unyevu ndani, na amewajengea kuvu nyumba yenye mlango uliofungwa.

Kazi ya haki ya rangi, basi, ni kuzuia maji yasiingie katika mbao iliyokwisha kukauka. Rangi ni mlinzi wa mlangoni. Mlinzi akiwekwa baada ya mwizi kuingia, humlinda mwizi.

Adui ni yule yule kila mahali

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mashua za ziwani peke yake. Huko Ulaya na Marekani wako watu wengi wapendao kufufua karavani za zamani, yaani vile vijumba vya magurudumu vinavyokokotwa nyuma ya gari. Nyingi za zamani zina kiunzi cha mbao kilichovikwa bati jepesi la alumini. Kwa nje bati hung'aa hata baada ya miaka 50. Ndani, mahali ambapo maji ya mvua yamepenya kwenye maungio ya dirisha au ya paa, kiunzi huwa kimekuwa laini kama mkate. Mafundi wa huko wana kanuni ile ile ya mzee wetu wa ufukweni: usiguse pambo lolote kabla hujajua maji yanaingilia wapi.

Karavani hizo zina somo la pili pia. Aghalabu bati lake la alumini limefungwa kwa skrubu za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu hufanya kama betri ndogo: metali iliyo nyepesi kutoa elektroni huliwa, na ile nyingine huhifadhika. Katika mfano huu alumini ndiyo huliwa, na tundu la skrubu hupanuka hadi maji yapite. Mtu aliyefunga skrubu isiyofaa ameanzisha tundu kwa mkono wake mwenyewe.

Kanuni hiyo hiyo ikitumiwa kwa busara huwa dawa. Baharini, mafundi hufunga vipande vya zinki kwenye mwili wa meli ya chuma ili zinki iliwe badala ya chuma. Lakini nawaomba wasomaji wa kanda ya ziwa wazingatie: maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi yasiyo na chumvi, nayo hupitisha umeme kwa uhaba mkubwa yakilinganishwa na maji ya bahari. Zinki humo huvia na kuacha kufanya kazi yake vizuri; katika maji ya namna hii magnesi ndiyo hupendelewa. Ndiyo kusema kwamba fundi anayenakili mambo ya pwani bila kuuliza sababu zake aweza kufuata maagizo yote na bado chombo chake kikaliwa na kutu.

Grisi iliyoshinda miaka minane

Historia ya nchi yetu ina mfano mmoja ambao ningependa kila mwalimu wa kemia aufahamu. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Wakati huo iliitwa Graf von Goetzen. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Meli ikakaa chini ya maji hadi mwaka 1924, Waingereza walipoiibua. Na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilifanya kazi kwa miongo mingi baadaye, ingawa katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na injini za dizeli.

Grisi ilifanya nini? Mwanafunzi aweza kujibu kwa misumari minne na chupa nne. Chupa ya kwanza iwe na msumari katika maji ya kawaida, mdomo wazi. Ya pili iwe na msumari katika maji yaliyochemshwa ili kufukuza hewa, na juu yake tabaka ya mafuta. Ya tatu iwe na msumari mkavu pamoja na kloridi ya kalsiamu inayonyonya unyevu, na mdomo ufungwe. Ya nne iwe na msumari uliopakwa grisi pande zote, ndani ya maji, mdomo wazi. Baada ya juma moja, msumari wa kwanza utakuwa na kutu, na hiyo mingine itakuwa imesalimika au karibu kusalimika. Kutu huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja. Grisi ilizuia vyote viwili visifike kwenye chuma.

Tazama sasa tofauti. Grisi ya Liemba ilipakwa juu ya chuma kizima na safi, kwa kusudi linalojulikana. Rangi yetu ya buluu ilipakwa juu ya uozo, kwa kusudi la kupendeza. Zote ni kupaka; iliyofanikiwa ni ile iliyotanguliwa na ujuzi.

Meli ya Victoria ilivyofufuliwa Mwanza

Hapa Mwanza kwenyewe tunao mfano wa karibu zaidi. Meli ya MV Victoria iliundwa Uskochi na kampuni ya Yarrow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Kwa vizazi viwili ilisafirisha watu, ndizi na mizigo kati ya Mwanza na Bukoba. Mwaka 2014 ikasimama kwa ubovu. Mkataba wa kuikarabati ulitiwa saini mwezi wa Septemba 2018, kazi ikafanyika Mwanza, mafundi wa Korea ya Kusini wakishirikiana na Watanzania, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 22.7. Mwezi wa Agosti 2020 ilirudi kwenye safari ya Bukoba, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na mizigo tani 200.

Abiria aliyepanda siku zile aliona viti na rangi. Lakini kazi ya msingi katika chombo cha namna hiyo huwa haionekani: injini, jenereta, mabomba, nyaya na mabamba ya chuma. Bamba la meli huliwa polepole kutoka ndani na nje, na kwa macho huwezi kujua limebaki unene gani. Mkaguzi hutumia mawimbi ya sauti ya juu mno yasiyosikika na sikio. Katika chuma mawimbi hayo huenda kasi ya meta kama 5,900 kwa sekunde. Kwenye bamba la milimeta 10, mwangwi hurudi baada ya sehemu 3.4 za milioni za sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 2.4, unene uliobaki ni milimeta 7 tu, na hapo kuna uamuzi wa kufanywa. Mzee wetu na mpini wa nyundo alikuwa akifanya kazi ya jamii hiyo hiyo: alikuwa akiuliza swali kwa sauti na kusikiliza jibu.

Swali la uzito

Liko swali moja ambalo mkarabati akilisahau, kazi yake nzuri yaweza kuwa mtego. Mtu akikitengeneza chombo cha kale hutamani kukiongezea vitu: paa zito, tangi la maji juu, viti vingi, injini kubwa. Kila kitu kinachoongezwa juu hupandisha kitovu cha uzito, na chombo ambacho zamani kilikuwa kikiyumba na kurudi huanza kuyumba na kusitasita.

Jaribio lake ni rahisi. Kata dumu la lita 5 kwa urefu upate kijimashua. Weka mawe manne chini, kielee katika beseni, kisha ukiinamishe kidogo, kitarudi chenyewe. Sasa simamisha kikopo kirefu katikati, ukaweke mawe yale yale juu yake. Uzito haukubadilika hata gramu moja zaidi ya kikopo, wala kina cha kuzama hakikuongezeka sana, lakini kijimashua kitapinduka kwa kuguswa tu. Mwishoni ondoa kikopo, rudisha mawe chini na umwage kikombe cha maji ndani. Kiinamishe tena, uone maji yanavyokimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito.

Watu wa ziwa hili hawahitaji kuambiwa kwamba hili si suala la beseni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na nafasi ya watu 101 tu, na waliopoteza maisha walizidi 220. Injini zake mbili zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa miezi michache kabla ya hapo. Sisemi haya kulaumu mafundi wa injini. Nasema kwamba chombo chaweza kuwa na injini mpya na rangi mpya, na bado kikaua watu ikiwa sheria ya uzito imevunjwa. Ukarabati usiofuatwa na nidhamu ya matumizi ni kazi iliyoachwa nusu.

Je, si afadhali kununua kipya?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kupoteza muda. Chombo kikizeeka kitupwe, kinunuliwe kingine. Hoja hii haifai kudharauliwa. Kuna vyombo visivyofaa kukarabatiwa. Mashua iliyooza mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wake, ni kuni. Tela lililoliwa na kutu kwenye fremu yote ni chuma chakavu cha kuyeyushwa. Mkarabati mwaminifu ni yule anayeweza kusema hapana, na kuisema mapema kabla fedha hazijatumika.

Lakini uamuzi wa kutupa nao unahitaji uchunguzi ule ule. Mtu asiyepima hajui kama anatupa kilichokufa au kilichougua tu. Zaidi ya hayo, chombo kipya kikiletwa kwa watu wasiojua kilichokiharibu kile cha kwanza, kitaanza kuharibika siku ile ile ya kuletwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba asiyejua ufa ulitoka wapi atajenga ukuta wenye ufa.

Wito kwa walimu na wanafunzi

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alidai kwamba masomo ya shule yasitengane na maisha ya watu wanaoizunguka shule. Kwa maoni yangu dai hilo halijazeeka. Ufukweni kuna fundi anayetambua mbao mbovu kwa sikio lakini hajaulizwa na mtu yeyote anajuaje. Darasani kuna mwanafunzi anayeandika kanuni ya kutu bila kosa, naye hajapata kukwangua kutu kwa mkono wake. Wawili hawa wanaishi umbali wa dakika kumi kwa miguu.

Napendekeza kila shule ichague kitu kimoja kilichoachwa: mashua, tela, pampu ya maji, hata madawati yaliyorundikwa nyuma ya bweni. Muhula wa kwanza kisitengenezwe hata kidogo. Wanafunzi, wasichana kwa wavulana, wakichunguze na kujaza daftari: maji yanaingilia wapi, kipi kimeoza na kipi kimepona, metali zipi zimegusana, uzito umekaa wapi. Fundi wa jirani aalikwe, aketi kwenye kiti cha mwalimu, aulizwe. Muhula wa pili ndipo iamuliwe kwa kura na kwa sababu zilizoandikwa: kikarabatiwe au kivunjwe. Nina hakika kwamba darasa litakalofikia uamuzi wa kuvunja kwa sababu sahihi litakuwa limejifunza sayansi nyingi kuliko darasa lililopaka rangi.

Ama mashua ya mjomba, tuliiinua juu ya magogo, tukaipindua, tukaiacha ikauke kiangazi chote, Juni hadi Septemba. Mbao nne na mataruma mawili yakabadilishwa, maungio yakatiwa kalafati ya pamba. Rangi ilikuja mwisho kabisa, nayo ilikuwa ile ile ya buluu, iliyobaki kwenye kopo. Bado inaingiza maji kidogo, na kila asubuhi lazima mtu aikombe. Mzee anasema hilo si kasoro: chombo kinachokombwa kila asubuhi hutazamwa kila asubuhi.